Karilioni kama kazi: mnara wa mji, chuo kikuu, kanisa au kujitegemea?

Anayetaka kuishi kwa kupiga na kufundisha karilioni, ala ya kengele nyingi za mnarani zinazopigwa kwa kibodi, huuliza mshahara kwanza, kisha idadi ya kengele. Yote mawili ni ya kuuliza, lakini uamuzi mzuri huanzia kwingine: utapata saa ngapi kwa wiki mbele ya kibodi, na funguo za mnara zitashikwa na nani. Mpiga gitaa hutembea na gitaa lake. Mpiga karilioni huifuata ala ilipojengwa, na ala hiyo ina mwenyewe: manispaa, chuo, kanisa au taasisi inayotunza bustani. Kuchagua kazi hii ni kuchagua mwenye mnara utakayeishi naye kwa miaka.

Nafasi za ajira kamili ni chache sana duniani. Nyingi ni za saa chache kwa wiki, kwa hiyo swali linalofuata ni kazi gani nyingine itakaa vizuri pembeni ya mnara huo. Kwa wengi jibu ni ualimu, na ualimu wa ala hii una mahitaji yake ambayo tutayafikia.

Ala yenyewe inavyobana uchaguzi

Karilioni ni seti ya kengele za bronzi zisizopungua 23, zilizolinganishwa zipande kwa nusu toni. Kengele hazitikisiki. Zimefungwa kwenye fremu, na ulimi ulio ndani huvutwa na waya unaoshuka hadi kibandani. Mpigaji huketi mbele ya safu mbili za vijiti vya mbao na kuvipiga kwa upande wa nje wa ngumi iliyolegea, na kengele nzito huzipiga pia kwa miguu kupitia pedali. Kijiti hushuka kama sentimita 5 tu. Hakuna mashine katikati, ndiyo maana sauti laini na sauti kali hutokana moja kwa moja na kasi ya mkono.

Oktava mbili zina kengele 23, tatu zina 35 hadi 37, nne zina 47 hadi 49. Muziki mwingi wa maonyesho umeandikwa kwa oktava nne. Ukichukua kazi kwenye mnara wa oktava tatu, karibu kila kipande kitapita mezani kwako kwanza: besi ipandishwe, sehemu ya juu ikunjwe. Zihesabu saa hizo kabla ya kukubali malipo. Hata kwenye oktava nne, karilioni nyingi hazina do shapu ya chini kabisa, na baadhi hazina re shapu. Sababu ni gharama: kushuka oktava moja kwa vipimo vilevile kunadai kengele yenye uzito wa takriban mara 8.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wapiga piano. Kengele moja haitoi mlio mmoja. Ndani yake kuna mlio wa oktava moja chini, mlio wa noti yenyewe, wa tatu ndogo (nusu toni tatu) juu yake, wa tano, na wa oktava ya juu. Ile tatu ndogo ndiyo inayosumbua. Ukipiga do na mi za chini pamoja, kengele ya do inatoa mi flati yake, na sikio linasikia mi mbili zinazogombana. Tena hakuna kizuizi cha kuzima sauti. Kengele kubwa huendelea kuvuma baada ya noti kadhaa kupita. Kwa hiyo kupanga upya muziki, kwa maana ya kupunguza noti za chini, kuzitawanya na kupeleka juu noti ya tatu ya kodi (noti zinazolia pamoja), ni ujuzi wa lazima katika njia zote nne. Asiyependa kukaa na penseli na karatasi ya muziki ataumia katika fani hii, hata awe na mikono mepesi kiasi gani.

| | Mnara wa mji | Chuo kikuu | Kanisa, bustani, kumbukumbu | Kujitegemea |
|---|---|---|---|---|
| Unayemjibu | manispaa | idara ya muziki au uongozi wa chuo | wazee wa kanisa, taasisi au serikali | kila mwandaaji kwa wakati wake |
| Wasikilizaji | wapita njia, wachuuzi, wakazi | wanafunzi kati ya vipindi | waumini, watalii | waliokuja kwa ajili ya onyesho |
| Kinachodaiwa zaidi | nyimbo mpya kila wiki, kubuni papo kwa papo | kufundisha, kuandika, sherehe za chuo | nyimbo za ibada au ratiba ya kila siku | programu iliyokamilika, safari |
| Ualimu | nje ya mkataba mara nyingi | ndani ya mkataba | inategemea mwenye mnara | warsha na wanafunzi binafsi |
| Hatari kubwa | bajeti ya baraza | nafasi kufutwa mpigaji akistaafu | ukarabati wa jengo | miezi ya baridi bila kazi |

Mnara wa mji

Hii ndiyo njia kongwe, na makao yake ni Uholanzi na Ubelgiji. Uholanzi, katiba ya 1798 ilihamishia minara mingi ya makanisa mikononi mwa serikali za mitaa, ndiyo maana hadi leo unakuta kanisa ni la waumini na mnara wake ni wa manispaa. Kwa mpigaji hilo lina maana ya kila siku. Bosi wako ni ofisa wa utamaduni au wa majengo, bajeti yako hupita mbele ya madiwani, na mikutano hufanyika kwa Kiholanzi. Anayetaka njia hii aanze lugha mapema kama anavyoanza pedali.

Kazi ya kawaida ni kupiga siku ya soko na mara nyingi Jumamosi, pamoja na sikukuu na ziara za mnara. Mji mmoja mara chache hutosha kuishi. Wapigaji wengi hushika miji miwili, mitatu au zaidi, kila mmoja ukiwa na saa chache, na kati yake kuna treni na ngazi. Karilioni zenyewe zinatofautiana. Zile zilizotengenezwa na kaka wawili François na Pieter Hemony, ambao karilioni yao ya Zutphen ya 1644 ndiyo ya kwanza iliyolinganishwa sauti sawasawa kwa msaada wa Jacob van Eyck, mpigaji kipofu wa Utrecht, kwa kawaida hufuata mpangilio wa kale wa toni ya wastani, ambao nusu toni zake hazilingani. Tatu zake kubwa (nusu toni nne) ni tamu mno karibu na skeli ya do, lakini ukipiga kipande chenye flati nne sauti inachachuka. Mpigaji wa miji mitatu anaweza kulazimika kuwa na kipande kimoja katika skeli mbili tofauti.

Halafu kuna muziki unaojiendesha, ambao waombaji wa kutoka nje huusahau. Kila robo saa mnara hupiga wenyewe, na kwenye minara ya kale kazi hiyo hufanywa na silinda kubwa ya chuma yenye matundu. Pini zinafungwa kwenye matundu kwa mkono, moja moja, na kila pini huinua nyundo iliyo nje ya kengele. Kwa kawaida mpigaji ndiye anayebadilisha nyimbo. Pini huja kwa aina kadhaa, kichwa kikiwa kimesogezwa kidogo mbele au nyuma, ili noti ije kabla au baada ya mstari wa tundu. Kosa la wanaoanza ni kuandika noti ileile mara mbili kwa haraka. Nyundo inahitaji muda wa kuinuka tena, kwa hiyo noti ya pili haisikiki. Kabla ya kupanga wimbo, hesabu kila kengele ina nyundo ngapi. Zenye mbili au tatu ndizo zinazoweza kurudia.

Nafasi ikitangazwa, waombaji hupiga kwenye kengele zilezile mbele ya jopo, na mara nyingi jopo hukaa chini bila kujua nani yuko juu. Desturi ya kushindania mnara ni ya zamani: Matthias Vanden Gheyn alipata kazi ya mpigaji wa Leuven, Ubelgiji, mwaka 1745 kwa mashindano. Tarajia kupewa wimbo usioujua ubuni juu yake papo hapo. Wapiga piano wenye diploma nzuri huangukia hapo.

Madiwani wakitaka kupunguza saa, hoja yenye nguvu Ubelgiji ni kwamba mwaka 2014 UNESCO iliuingiza utunzaji wa utamaduni wa karilioni wa nchi hiyo katika orodha yake ya mifano bora ya uhifadhi. Iweke kwenye faili lako kabla hujaihitaji.

Chuo kikuu

Marekani ndiko vyuo vyenye karilioni vilipo kwa wingi. Kengele 61 za chuo kikuu cha Berkeley, California, hupigwa mara tatu kwa siku wakati wa masomo. University of Michigan ina karilioni mbili, moja ya kengele 53 katika mnara wa Burton na nyingine ya 60 katika mnara wa Lurie, na hufundisha ala hii hadi ngazi ya uzamili. Kwa mtu anayetaka kuwa mwalimu, hii ndiyo njia iliyo bora kuliko zote, kwa sababu kufundisha kumo ndani ya saa zinazolipwa, na wanafunzi wanakuja wenyewe kila mwaka.

Usidanganyike hata hivyo kwamba kila chuo chenye kengele kina kazi. Chuo kikuu cha Yale kina kengele 54 katika mnara wa Harkness, na wanaozipiga ni chama cha wanafunzi ambao hufundishana wao kwa wao. Ni mpango mzuri sana kwa kijana wa miaka 19. Kwa anayetafuta ajira, ni mnara usio na nafasi. Soma muundo wa chuo kabla ya kuandika barua.

Mara nyingi kengele za Marekani zina besi nzito kuliko za Ulaya na hufuata mpangilio wa nusu toni zilizo sawa. Ulimi mzito unadai mguu unaoanza mapema kidogo. Kasi hupungua, na watunzi wa huko wameandika muziki unaoacha mlio uenee badala ya kuufukuza kwa noti nyingi. Aliyelelewa kwenye kengele nyepesi za Kiholanzi atahitaji wiki kadhaa kabla mkono haujakubali. Anayetoka Marekani kwenda Uholanzi hukumbana na kinyume chake: anapiga kwa nguvu mno, na kengele ndogo zinalia kama vyuma.

Ubelgiji nayo ina mnara wa chuo wenye hadhi. Maktaba ya chuo kikuu cha Leuven ilipewa kengele 48 mwaka 1928 kwa kumbukumbu ya wahandisi wa Kimarekani waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1983 ala ilijengwa upya ikafika kengele 63.

Upungufu wa njia ya chuo ni huu: nafasi hutegemea mtu mmoja na mkuu mmoja wa idara. Mpigaji akistaafu, chuo kinaweza kuigawanya kazi kwa wanafunzi. Pia kuna ratiba za ukimya wakati wa mitihani, sherehe zinazoongezwa bila taarifa, na mahitaji ya kitaaluma kama kuandika, kutunga na kukaa kwenye kamati.

Kanisa, bustani na minara ya kumbukumbu

Hapa ndipo zilipo ala kubwa kuliko zote. Riverside Church ya New York ina kengele 74, na kengele yake kuu inazidi tani 18. Rockefeller Chapel ya Chicago ina 72. Lakini ukubwa wa ala hauamui ukubwa wa kazi. Makanisa mengi huhitaji dakika chache kabla na baada ya ibada, harusi, mazishi na sikukuu, na mara nyingi kazi huunganishwa na ya mpiga ogani. Kama ogani unaipenda kweli, muunganiko huo ni wa heri, kwa sababu pedali na usomaji wa muziki vinasaidiana. Kama huipendi, utajikuta mpiga ogani anayepanda mnara mara moja kwa wiki.

Bok Tower ya Florida, iliyofunguliwa Februari 1929 ikiwa katikati ya bustani, ni kitu cha pekee: ina kengele 60, mpigaji wake mwenyewe na maktaba ya muziki wa karilioni. Kazi za namna hiyo zinahesabika kwa vidole. Minara ya kumbukumbu ya taifa ina nidhamu yake. Peace Tower ya Ottawa, yenye kengele 53 zilizozinduliwa mwaka 1927, imekuwa na mpigaji mwenye cheo rasmi cha kitaifa. Ile ya Canberra ilikuwa zawadi ya serikali ya Uingereza, ikafunguliwa mwaka 1970. Loughborough, Uingereza, ina mnara wa 1923 wenye kengele 47 kwa kumbukumbu ya waliokufa vitani. Katika minara hii muziki huendana na kalenda ya serikali, na wimbo usiofaa siku ya maombolezo ni kosa kubwa kuliko noti mbovu.

Hatari yake ni jengo. Ukarabati wa mnara unaweza kunyamazisha kengele kwa miaka, wakati huo mkataba wako ukisema unalipwa kwa onyesho. Dai kifungu kinachosema nini kitatokea ala ikifungwa.

Njia hizi hazina kuta kati yake. Percival Price alianzia kanisani Toronto mwaka 1922 kwenye kengele 23, akawa mpigaji rasmi wa Ottawa mwaka 1927, na mwaka 1939 akahamia University of Michigan kufundisha.

Kujitegemea

Msimu wa maonyesho, Ulaya na Amerika Kaskazini, ni majira ya joto, hasa Juni hadi Agosti. Onyesho moja huchukua dakika 45 hadi 60. Mechelen, Ubelgiji, imekuwa na maonyesho ya Jumatatu jioni tangu Jef Denyn, mpigaji wa mji huo, alipoyaanzisha mwaka 1892, na Springfield, Illinois, ina tamasha la kimataifa tangu 1962. Mashindano ya Queen Fabiola ya Mechelen, yaliyoanza 1987, humfanya mshindi aalikwe kwingi.

Kinachowaharibia wengi msimu si kukosa mialiko, ni kutouliza maswali kabla ya safari. Muulize mwandaaji: kengele ngapi, noti ya chini ni ipi, zipi hazipo, je, kibodi inapandisha au kushusha sauti kuliko maandishi, pedali zinafika wapi, na kibodi imejengwa kwa vipimo gani. Mwaka 2006 Shirikisho la Karilioni la Dunia lilikubali vipimo vya pamoja, lakini minara mingi bado ina vya zamani, na nafasi tofauti kati ya vijiti humpotosha mtu mwenye kasi. Mara nyingi utapata saa moja au mbili tu za kujaribu ala, na mnara ulio katikati ya makazi unaweza kukukataza kabisa. Beba kila kipande katika matoleo mawili, la oktava tatu na la nne.

Ukiwa huna mnara wa nyumbani unaokulipa mwaka mzima, hatushauri kuanza na njia hii. Itumie iwe nyongeza ya mojawapo ya zile tatu.

Wapi pa kusomea

Shule ya Mechelen, yenye jina la Denyn, ilianzishwa 1922 na ndiyo mama wa nyingine zote. Mkazo wake ni mpana: kupiga, kupanga muziki, kubuni, historia na elimu ya kengele. Inafaa zaidi kwa mtu aliyekwisha kupata elimu ya muziki na anayetaka mwaka mmoja au zaidi ya karilioni pekee. Wamarekani wengi wamepitia hapo kwa ufadhili wa mwaka, wakarudi kwenye vyuo vyao.

Shule ya Uholanzi ilianzishwa Amersfoort mwaka 1953 na Leen 't Hart, na leo iko chini ya konsavatori (chuo cha muziki) ya Utrecht. Hutoa shahada. Ikiwa lengo lako ni mnara wa mji Uholanzi, nenda huko bila kusitasita: ndiko utakakojifunza kubuni na kupanga nyimbo za wiki kwa haraka, na ndiko watakaokaa kwenye jopo lako watakapokujulia. Løgumkloster, Denimaki, inafaa kwa anayeelekea kazi ya kanisa.

Amerika Kaskazini, mbali na vyuo, kuna mtihani wa chama cha wapigaji, kilichoundwa 1936. Mtahiniwa hutuma rekodi kwanza. Rekodi ikikubaliwa, hupiga mbele ya jopo na wanachama kwenye kongamano la mwaka. Si shule. Ni kipimo, na humfaa mtu aliyefundishwa binafsi na mwalimu mmoja akiwa na kazi nyingine. Kasoro yake ni kwamba hupima upigaji kuliko ualimu.

Ualimu: kazi inavyofanyika hasa

Usikubali kufundisha mahali pasipo na kibodi ya mazoezi. Kwenye kengele halisi kila kosa la mwanafunzi linasikika mji mzima, naye huogopa, hukaza mabega, na mwendo unaharibika tangu wiki ya kwanza. Kibodi ya mazoezi huwa na vipande vya chuma vyenye sauti au mfumo wa umeme. Ile yenye uzito wa kijiti usiolingana na wa mnara hujenga mkono wa uongo. Bora ya mitambo iliyochakaa kuliko ya umeme inayobonyea kama karatasi.

Anza na benchi. Mwanafunzi akae pahali ambapo miguu inafika pedali za pembeni kwa kuzungusha nyonga, bila kuning'inia. Kisha mkono: vidole vimekunjwa nusu, kiganja kimelegea, kifundo hakijakakamaa. Mkono uguse kijiti kabla ya kukisukuma. Tabia hii ya kuandaa kila noti ndiyo inayotofautisha muziki na kelele, maana mkono unaotoka juu kwa kishindo hauwezi kuchagua kasi ya ulimi. Anayeanza apige noti moja kwa nguvu tano tofauti, kutoka laini kabisa, kabla ya kupewa skeli. Baada ya hapo skeli kwa kupokezana mikono, noti za shapu kwenye safu ya juu, halafu vijiti viwili jirani kwa mkono mmoja uliofunguliwa. Pedali zije wiki ya tatu au ya nne, zikipokezana kwa ncha ya kiatu chenye soli nyembamba.

Makosa yanayorudi ni yaleyale. Wa kwanza ni yule anayepiga kwa bega: atachoka baada ya dakika kumi na mwisho ataumia kano. Dawa ni kuacha uzito wa mkono udondoke. Wa pili husahau kwamba pedali na kijiti cha besi vimeungana kwenye kengele ileile; akishikilia kimoja, kingine hakina kitu cha kuvuta. Wa tatu, na huyu ni mpiga piano mzuri, hujifunza kipande kwa kasi kwenye kibodi ya mazoezi isiyo na mwangwi. Akipanda mnarani kinageuka uji. Mfundishe kupanga kasi kwa kusikiliza besi inavyokufa, si kwa vidole vinavyoweza. Mtetemo wa mikono unaoshikilia wimbo mrefu, ambao Denyn aliujengea jina, uje baadaye sana. Ukija mapema unaficha mkono ulio dhaifu.

Mwalimu naye anapaswa kushuka. Kibandani husikika mgongano wa mbao na kengele ndogo zilizo karibu. Chini, umbali wa mita mia moja, besi ndiyo inayotawala. Mwanafunzi mmoja apige, wengine watembee kuzunguka mnara wakiandika wanachosikia. Somo moja la namna hiyo huokoa matano ya kueleza.

Kabla ya kusaini

Panda. Hesabu ngazi, na ujiulize kama utazipanda ukiwa na miaka 60. Mnara wa Mechelen una 538. Angalia kama kibanda kina joto na hewa, na kama kinakinga masikio, kwani kupiga karibu na kengele ndogo kwa miaka bila kinga hupunguza usikivu.

Kisha bonyeza kila kijiti taratibu hadi chini. Ulimi usimame karibu kabisa na ukuta wa kengele bila kuugusa. Waya ukifupika kwa baridi, ulimi hubaki umeegemea kengele na sauti hukwama kwa mzizimo. Ukirefuka kwa joto, kijiti hufika chini kabla ya ulimi, na noti laini hupotea. Juu ya kila kijiti pawe na skrubu ya kurekebishia hilo, na iwe inazunguka. Skrubu zilizoshikwa na kutu maana yake hakuna aliyezigusa kwa miaka, na utakuwa fundi bila kulipwa. Uliza nani hubadilisha springi na nyaya zilizokatika, na ndani ya siku ngapi.

Kwenye mkataba tafuta mambo matatu: saa za mazoezi zinazolipwa, haki ya kuwaingiza wanafunzi mnarani pamoja na bima yao, na nani anamiliki nyimbo utakazozipanga upya. La pili ndilo huachwa wazi mara nyingi, na bila lile mwalimu hawezi kumwandaa hata mtu mmoja wa kumshikia kengele siku akiugua. Ukiwa na nafasi mbili mkononi, moja ya kengele 60 inayofunguliwa saa mbili kwa wiki na nyingine ya kengele 37 yenye kibodi ya mazoezi chini ya mnara na funguo mfukoni mwako, chukua ya pili.